Betri ya Buku Jero

Jumamosi iliyopita niliingia steshenari moja Mbagala kutoa kopi mbili za kitambulisho. Nilikuta vijana sita wamebanana mlangoni na bahasha za kaki, wamekuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo, na dada mwenye duka kakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono shavuni.

"Kaka, mashine imekufa. Mtandao haufunguki. Fundi kasema ni mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, anataka laki na themanini."

Nikazunguka kaunta. Marehemu alikuwa anawaka, mausi inatembea, Word inafunguka, na intaneti ya simu imeunganishwa vizuri tu. Ila kila tovuti aliyoifungua iligoma, na kivinjari kilitaja sababu kwa herufi kubwa kuliko bango la saluni: saa ya kompyuta yako iko nyuma. Nikatupa jicho kona ya chini kulia. Januari 2009.

Januari 2009, jamani. Hata mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti wa baharini, ulikuwa bado haujafika Dar!

Wanaojua wameshacheka. Kile kidonge cha CR2032, betri ndogo ya duara inayotunza saa mashine ikizimwa, kilikuwa kimekwisha. Dada kila jioni anazima ekstensheni nzima kuokoa luku, mashine inasahau tarehe, asubuhi inaamka 2009, na vyeti vya usalama vya tovuti zote, vile ambavyo kivinjari hukagua tarehe zake kabla ya kufungua, vinaonekana vimetolewa na watu ambao bado hawajazaliwa. Na ile Dell, tuitendee haki, ilikuwa inasema. Kila asubuhi iliandika kwamba saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Dada akawa anabonyeza F1, miezi na miezi. Simlaumu. Yeye kazi yake kutoa kopi. Kazi ya kusoma kilichoandikwa pale ilikuwa ya fundi.

Betri nilinunua kwa muuza saa upande wa pili wa barabara, buku jero. Dell ile ni OptiPlex 780, haitaki hata bisibisi: unavuta kitasa cha juu, kava linakufuata mkononi. Nilipolivuta nikaona vumbi limejaza ule ufa wa kava mwanzo hadi mwisho, limekauka kama lipu ya ukuta. Maana yake fundi hakufungua. Alikaa, akalitazama boksi, akatamka "mazabodi" kama mganga anavyotaja jirani yako aliyekuroga.

Hilo ndilo limenitoa usingizini nikaandika haya. Fundi kukosea si kosa, mimi mwenyewe nimeua mashine nyingi kuliko virusi. Kinachoniuma ni kutofungua. Siku hizi dawa ya kila ugonjwa ni kupiga window, yaani kufuta Windows na kuiweka upya. Spika haisikiki, piga window. Kioo kina mstari, piga window. Mgonjwa asipopona, basi ni mazabodi, uza kwa bei ya chuma chakavu, njoo nikuuzie nyingine nzuri "used ya Ulaya". Fundi wa baiskeli angefanya hivyo tungemfukuza mtaani.

Mwaka 2001, nikiwa kidato cha tatu, mjomba aliletewa Pentium II na ndugu yetu aliyekuwa Marekani. Ilikaa sebuleni siku mbili imefunikwa kitambaa cha kudarizi, tunaiangalia tu kama maiti ya kiongozi. Siku ya tatu nikajifanya mjuaji, nikachomeka waya ukutani. Nyuma ya pawasaplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani, kulikuwa na kiswichi chekundu kimeandikwa 115. Nilidhani ni namba ya toleo. Ule mlio! Ukafuata moshi, ikafuata harufu ya samaki aliyeungulia, na bibi akatoka jikoni mbio akiuliza nani kafa. Kumbe swichi ikiwa kwenye 115 ile saketi ya ndani inaukuza umeme maradufu, na ukutani kwetu unatoka 230. Mjomba hakunigusa. Alininunia wiki nzima, na afadhali angenichapa.

Jumamosi yake nikaenda kwa jamaa zangu Temeke. Tulikuwa vijana watano wenye mashine tatu, na katika tatu hizo nzima huwa moja, haijulikani ipi. Sijamaliza kusimulia, mmoja akauliza, "Uliangalia swichi?" Wote wakaangua kicheko, kwa sababu wawili kati yao yaliwakuta yaleyale. Akachukua kaunta buku letu la kwaya mbili akaandika kwa herufi kubwa: SWICHI NYEKUNDU KWANZA.

Lile kaunta buku ndilo lilikuwa chuo chetu. Lilizunguka nyumba kwa nyumba, lina madoa ya chai na mafuta ya maandazi. Ukurasa wa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda: kompyuta ikilia bila kuonyesha picha, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kwa Dar, penye vumbi na chumvi ya bahari, kifutio cha shilingi mia kimefufua mashine nyingi kuliko dua. Ukurasa wa diski mbili kwenye mkanda mmoja wa kijivu, na kile kijampa kidogo kinachoamua nani mkubwa nani mdogo, kikidondoka kwenye zulia imekula kwako. Ukurasa wa kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi: zikivimba kichwani kama andazi, usitupe bodi, peleka kwa fundi redio azichomoe aweke zenye namba ileile. Na baadaye, flashi zilipoingia na virusi vyake vya kugeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, mtu akabandika ile amri ambayo hadi leo naiandika nikiwa nimefumba macho: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* . Kuna wasichana wa chuo waliokuwa wanatuona malaika kwa mstari ule mmoja. Tesisi imepotea, unaandika, unabonyeza Enter, tesisi imerudi. Hatukuwahi kuwaambia kwamba haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa tu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukuwauliza wakubwa. Wakubwa gani? Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wazee wetu wengi walikutana nazo nywele zimeanza mvi, wakiziogopa kama wanavyoogopa hesabu za kodi. Tukabaki sisi kwa sisi. CD za Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, zilitufikia kwa posta, bure kabisa, ndani ya bahasha yenye majina yetu. Na kuna namba moja ya kufungulia Windows XP ambayo rika langu wanaikumbuka kuliko namba zao za NIDA, lakini hayo tuyaache.

Haya, nakubali. Mengi kwenye lile daftari yalikuwa uganga mtupu. Tuliamini ukibonyeza "refresh" mara kumi kabla ya kufungua programu kompyuta inapata nguvu. Tulimweka mtu zamu ya usiku kutazama vile viboksi vya rangi wakati diski inapangwa upya, kama tunalinda mahindi. Mmoja wetu aliweka diski kwenye friza ya mama yake pembeni ya samaki, akisema baridi itailegeza. Ilitoka na barafu, na haikusoma tena. Nakubali pia kwamba kioo cha chogo kilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza na joto la jiko, na mgao wa 2006 ulitufundisha kuokoa kazi kila baada ya sentensi. Sitamani kurudi huko. Mwenye kutamani modemu ya simu aende peke yake.

Ninachokidai ni kimoja: zile mashine zilifunguka, na kwa kuwa zilifunguka, zilimfundisha kila aliyekuwa na bisibisi na moyo.

Mwaka jana mpwa wangu aliingia chuo. Shangazi yake akamnunulia laptopu mpya, iko kwenye boksi lake, nyembamba kama sahani, rangi ya waridi. Sikushirikishwa, kwa sababu nasifika kwa kushauri mitumba. Ndani yake kuna RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na vyote viwili vimechomelewa kwenye bodi. Sasa Windows 11 yenyewe inataka isiyopungua RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Mtoto kauziwa nyumba ambayo siku ya kuhamia kichwa tayari kinagusa dari! Muhula wa pili ikajaa. Hata masasisho hayana pa kukaa. Akaniletea kwa aibu, "Mjomba, niongezee memori." Nikageuza, nikafungua skrubu kumi, nikakuta bodi ndogo kama kiganja na betri kubwa kama godoro. Nafasi ya RAM hakuna, wala pa kuchomeka diski. Nilikaa nimeshika bisibisi kama mgeni aliyeambiwa chakula kimeisha.

Pembeni yangu mezani ilikuwa imewaka laptopu yangu, ThinkPad T420 ya mwaka 2011 niliyoinunua mtumba, betri imekufa, kona imebonyea. Ina nafasi mbili za RAM. Waliotengeneza waliandika mwisho GB 8, watu wakajaribu 16 ikakubali. Diski yake unaitoa kwa skrubu moja tu. Nilitoa ile ya kuzunguka nikaweka SSD, diski isiyo na kinachozunguka, na mashine iliyokuwa inaniachia muda wa kuchemsha chai sasa inawaka kabla sijakaa sawa kwenye kiti. Na hii ndiyo Windows 11 inaikataa. Haina TPM 2.0, kichipu cha kutunza funguo za siri, na prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, haimo kwenye orodha inayoanzia kizazi cha 8 cha Intel. Ile ya waridi iliyojaa mpaka shingoni, karibu. Hii yenye GB 16, hapana, imezeeka. Windows 10 nayo ikafungiwa mlango Oktoba 14, 2025. Wanasema ni kwa ajili ya usalama wetu. Sawa, kuna ukweli kidogo humo, TPM haikuwekwa kwa urembo. Lakini nikiona usalama na mauzo vinatembea vimeshikana mikono namna hiyo, pochi yangu naishika vizuri.

T420 nimeiwekea Linux, ukoo uleule wa Ubuntu. Mpwa ameichukua. Ile ya waridi anaangalizia tamthilia.

Unaona lakini kilichopotea? Nilitaka kumfundisha yule mtoto, nikashindwa, kwa sababu mashine yake haikuwa na cha kufundishia. Huwezi kumwambia mtu "sugua kwa kifutio" kitu kilichochomelewa. Na fundi kijana aliyejifunzia kwenye mashine za namna hiyo tutamlaumu vipi? Amezoea kwamba ukifungua hukuti kitu, basi ameacha kufungua. Halafu anakutana na OptiPlex, mashine iliyotengenezwa ifunguliwe kwa mkono mmoja, naye anaipita kama alivyozoea. Kwa hiyo hata hasira yangu juu yake inapungua. Haiishi, inapungua. Laki na themanini bado ni laki na themanini.

Mtaniambia YouTube ina kila kitu. Ninaitumia, na Mungu awabariki wale walimu wa Kihindi. Ila yule bwana wa kwenye video hajui kwamba umeme wa mtaani kwenu ukirudi unarudi na hasira, wala hajui dada anazima ekstensheni kuokoa luku. Na video haikuulizi, "Uliangalia swichi?" Unatakiwa uwe tayari unajua jina la ugonjwa ndipo uitafute dawa. Dada wa steshenari angetafuta nini? "Mtandao haufunguki"? Angeambiwa apige window.

Turudi Mbagala. Betri nilimpa kijana mmoja wa kwenye foleni aweke, kwa sababu alikuwa ameinama juu ya bega langu kiasi cha kunipumulia shingoni. Akaingiza ubavu mmoja, akaniangalia. Nikamwambia maandishi juu, bonyeza. Ikalia "tik". Tukawasha, tukaingia kwenye mpangilio tukaweka tarehe, tukatoka. Tovuti ya mikopo ikafunguka, na foleni yote ikapiga kelele kama Simba imefunga. Yule kijana akatoa simu akapiga picha ya ndani ya boksi. Akaniuliza kile kidubwana chenye feni ni nini. Nikakaa pale mpaka saa tisa.

Kopi zangu mbili nilizipata. Dada alinitoza mia mbili.

Ile mashine ina RAM ya GB 2, inahema kama mzee anapanda ngazi. Kama una RAM ya aina ya DDR3 imelala kwenye droo, ile ndefu ya kompyuta ya mezani, si ya laptopu, niandikie nije kuichukua hata kama uko Kigamboni. Isugue kifutio kwanza.