Tazama picha? Kwa macho ya nani?

Walimu wenzangu wa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, hivi "tazama picha, kisha jibu maswali" mnaifundishaje? Kitabu kimenakiliwa, nukta zimesimama vizuri, halafu hiyo! Picha yenyewe haipo. Hata maelezo ya mstari mmoja, jamani? Ng'ombe, ana pembe, anakula majani, basi!

Mashine ya kuandikia nayo ina vitufe sita vya nukta. Kimoja kikikwama, alfabeti nzima inachechemea. Fundi? Labda mbinguni.

Na kitabu kimoja cha kawaida kwetu kinazaa juzuu nne, nzito kama tofali. Jana, juzuu ya tatu haionekani. Nani kaichukua? Tukaikuta stoo, chini ya magunia ya mahindi, nukta zimelala, ukurasa laini kama chapati. Mtoto akapapasa, akapapasa, akauliza: "Mwalimu, hapa wamenyamaza?"