Msailiwa wa Chumba Namba 12

Mwezi wa Mei, masika yakielekea ukingoni, tulikuwa tunatafuta mhudumu wa mgahawa kabla wageni wa Julai hawajaanza kumiminika Unguja. Hoteli yetu ndogo, ya pwani, na mimi ndiyo kwanza nimepewa usimamizi. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku moja iliyonivimbisha kichwa: msailiwa usimuulize "utafanyaje", muulize "ulifanyaje". Ukimuuliza mgeni akikasirika atafanyaje, kila mtu atakwambia atatabasamu na kuomba radhi. Hilo mpaka leo nalishikilia.

Saa nne kamili akaingia baba mmoja, shati jeupe limenyooka, viatu vinang'aa. Nikampa kiti kabla hajafungua kinywa.

"Nieleze siku uliyokutana na mgeni mwenye hasira."

Akanitazama. "Jana usiku."

Nikafurahi, mfano wenyewe bado wa moto. "Tatizo lilikuwa nini?"

"Maji ya moto hayatoki."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga simu mapokezi mara tatu. Haikupokelewa."

Nikaandika: mvumilivu, hakati tamaa. "Ikaishaje?"

"Nikaoga ya baridi. Saa tano usiku, dada yangu, na mafua haya."

Hapo mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilikuwa nimeshafika kipengele cha trei. Nikampa trei yenye glasi nne za maji, nikamwomba azunguke nayo meza. Akazunguka! Pengine aliona bila hivyo hasikilizwi. Trei mkono wa kushoto, hakumwaga hata tone. Nikampa tisa kwa kumi.

"Una swali?"

Akatoa mfukoni ufunguo wenye kibao cha mti, akauweka juu ya karatasi yangu ya alama. Namba 12.

"Fundi atakuja lini?"

Nikaomba radhi (tabasamu liligoma), kisha nikakimbilia mapokezi kumtafuta msailiwa wa kweli. Kijana wa Makunduchi alikuwa amekaa barazani, dafu mkononi, taulo ya baridi shingoni. Walimwona na begi, wakajua mgeni kaingia.

"Mbona hukusema umekuja kwenye usaili?"

"Nilidhani ndiyo usaili wenyewe, dada." Akavuta mrija. "Wa dafu yuko vizuri. Ila yule wa simu, imelia mara tano, hajainua."