Kiatu kinabaki mlangoni

Ni mwaka wa pili tangu kiharusi kinipooze upande wa kushoto, huku Uingereza. Mguu ulirudi, unyayo ukagoma: nikiinua hatua, vidole vinaning'inia na kuburura, najikwaa hata kwenye zulia. Ndipo nikafungwa kifaa. Ni mkanda chini ya goti, vibandiko viwili vya jeli vikikaa juu ya neva inayopita kando ya mfupa, na swichi nyembamba kiatuni, chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka umeme mdogo unapita, unahisi kama sisimizi wanakutambaa, na vidole vinapanda vyenyewe. Kisigino kikitua, unazima. Wazo hili ni la zamani, daktari Liberson na wenzake waliliandika Marekani mwaka 1961, na huku watu wa hospitali ya mji wa Salisbury ndio waliolikuza. Ila kukipata ni bahati ya unapoishi: eneo hili hulipiwa na huduma ya afya ya serikali, la jirani hukataliwa.

Nilipokwenda Tanga kusalimia, kifaa kiliumbuka siku ya kwanza. Kwetu kiatu kinaachwa mlangoni! Swichi iko barazani, mimi niko sebuleni pekupeku naburura mguu kama zamani. Msikitini vilevile. Jasho nalo likabandua vibandiko. (Vipo vinavyosoma mwinamo wa mguu bila swichi ya kisigino. Mimi sikupewa hicho.)

Lakini kilichonirudisha nyuma hasa ni huruma. "Mjomba, kaa tu, nakuletea." Chai inanifuata, maji ya kunawa yananifuata, kidogo choo nacho kinifuate. Wiki tatu hizo nilitembea kidogo kuliko siku tatu za huku, ambako ukitaka chai utaamka mwenyewe. Upweke siusifii, wakati wa baridi unaweza kumaliza siku nne hujasikia mtu akikuita jina. Ila ubongo hujifunza upya kutembea kwa kurudia hatua, tena na tena, na sisi mgonjwa wa kiharusi tunamkalisha kitini kwa mapenzi, tunamchua mafuta, tunamsomea dua, mguu unasahau kazi yake.

Kwa hiyo ndugu wanaoniomba niwatumie kifaa kama changu nawajibu: bado. Moshi, palepale hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo saidizi tangu 1981. Fundi anachukua umbo la mguu kwa plasta, analaza juu ya umbo hilo plastiki iliyopashwa moto, unapata kishikizo kinachozuia unyayo usidondoke. Ukivaa na ndara yenye mkanda wa nyuma, unatoka. Hakina betri, na jasho halikisumbui. Anzeni na hicho, halafu mwacheni mzee ajifuatie maji yake.

Siku ya mwisho nilimkataza mpwa wangu asiniletee chai. Akasimama mlango wa jikoni, mikono tayari kunidaka, anasonya chinichini. Nilienda nikarudi. Nusu kikombe kilimwagika, nusu nikanywa.