Bei ya Samaki Gani? Vichwa Vilivyounganishwa na Msomaji Asiyeona

Chukua jedwali la samaki la mialo ya Mwanza. Kushoto kuna Kirumba, Igombe na Kayenze. Juu, neno "Sangara" limekaa katika seli moja iliyofunika safuwima mbili, kilo na bei. Linafuata "Sato", nalo hivyohivyo. Mwenye macho haulizi. Anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, akifika mstari wa Igombe anaweza kusikia "bei, 9,000" tu, asijue ni ya sangara au ya sato. Anayepanga manunuzi kwa taarifa hiyo anapoteza pesa.

Wanaotetea vichwa vilivyounganishwa, yaani seli moja ya kichwa inayofunika safuwima kadhaa, wana hoja. Kwenye msimbo wa ukurasa wa wavuti (HTML), scope hueleza kichwa kinatawala nini: kichwa cha juu hupewa scope="colgroup" (kundi la safuwima), vya chini scope="col", na jina la mwalo scope="row". Visoma skrini havishughulikii colgroup kwa namna moja, kwa hiyo njia imara zaidi ni kukipa kila kichwa id yake, yaani jina la kipekee la kukitambulisha, kisha kila seli itaje vichwa vyake: headers="igombe sangara bei-sangara". Inafanya kazi, lakini ni rahisi kuharibika. Mtu anataka kuongeza dagaa, ananakili safuwima za sato, anabadilisha maneno na kusahau id. Kuanzia hapo bei ya dagaa inasomwa kama ya sato, na kwa macho jedwali liko sawa kabisa. Kosa hilo laweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Kwenye Word hata njia hiyo haipo. Unaweza kuteua mstari wa kwanza kuwa kichwa, lakini huna pa kueleza kwamba "Sangara" inatawala safuwima mbili. Hapo tenganisha seli, uandike "Sangara, kilo" na "Sangara, bei".

Wanaopinga kutenganisha seli husema vichwa virefu vinamchosha msikilizaji. Ni kweli kwa sehemu. NVDA, kisoma skrini cha bure, hutaja kichwa cha safuwima unapohamia pembeni kwa Ctrl+Alt na mshale wa kulia. Ukishuka safuwima ileile hairudii. Safuwima nne au sita zinavumilika. Zikizidi, kila samaki apewe jedwali lake.

Ninapokubali kuunganisha ni pale jedwali la wavuti linapozalishwa na programu kutoka kanzidata, id zikitengenezwa zenyewe bila mkono wa mtu kunakili. Hata hivyo, simama seli ya katikati, funga macho, bonyeza mshale, usikilize.