Mwanasayansi wa Mahale ambaye Kigoma haimtaji

Juzi nilialikwa kwenye maonesho ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa mjini Kigoma. Ukuta mzima wa maabara umechorwa nyuso za wanasayansi: Newton, Einstein, Marie Curie na, kwa kuwa tuko Kigoma, Jane Goodall na sokwe wake. Binti wa kidato cha pili akamwamkia mgeni rasmi, kisha akauliza, "Mzee, na wa kwetu ni yupi?" Mgeni rasmi akamjibu kwa upole kwamba wa kwetu bado, nyinyi ndio mtakaokuwa wa kwanza. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilishindwa, maana binti yule aliuliza swali la haki na watu wazima tukamjibu uongo.

Hata Erasto Mpemba hakutajwa, yule mwanafunzi wa Magamba aliyeshikilia mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa maziwa ulioingizwa jokofuni ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa, akachekwa, na leo fizikia ya dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina lake. Lakini Mpemba ana watu wengi wa kumsemea. Mimi nataka kumsema mtu wa mkoa huu huu, wa kabila la Watongwe wa milima ya Mahale: Mohamedi Seifu Kalunde.

Kalunde alikuwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa wanyamapori cha Mahale, na wakati huohuo mganga wa tiba asili aliyerithi kazi hiyo ukoo kwa ukoo. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuwa Mahale tangu 1965, miaka 20 kabla milima ile haijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwezi Novemba 1987 Kalunde alikuwa msituni na mtafiti wa chuo hicho, Mmarekani Michael Huffman, wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Chausiku alikuwa anaumwa. Alilala mchana wakati wenzake wanakula, na hata mwanawe Chopin hakumjali kama kawaida yake. Kisha akajikokota hadi kwenye kichaka kimoja, akavunja machipukizi, akayapukutisha majani na kuyamenya ganda, akatafuna kiini, akafyonza maji yake na kutema makapi. Sokwe wazima waliokuwa karibu hawakukigusa.

Huffman akamuuliza mwenzake ule ni mti gani. Kalunde akamweleza kuwa ni mjonso, mchungu kupita kiasi, na kwamba Watongwe wanautumia kutibu homa ya malaria, minyoo na tumbo la kuhara. Siku iliyofuata wakaendelea kumfuata Chausiku. Ilipofika mchana alikuwa amerudiwa na nguvu, anatembea kwa kasi na kula kama wenzake. Watongwe wanaokunywa mjonso nao huanza kupata nafuu baada ya kama siku moja hivi.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na mtu yeyote anayesema Kalunde alikuwa "msaidizi" tu. Hebu mwondoe Kalunde pale msituni. Kinachobaki ni sokwe anayetafuna kichaka. Ingeandikwa kwenye daftari la siku: saa fulani, alikula mmea fulani. Madaftari ya Mahale na ya Gombe, alikofanyia utafiti Jane Goodall, yamejaa mistari ya namna hiyo. Aliyeutambua ugonjwa, aliyeujua mmea, aliyejua sehemu ipi ni dawa na ipi ni sumu, na aliyejua nafuu itarajiwe baada ya muda gani, alikuwa mmoja. Swali lote la utafiti ule, yaani kama sokwe anaweza kujitibu, lilisimama juu ya maarifa yake. Huwezi kupima kama mgonjwa amepona kwa dawa ikiwa hujui kwamba alichokula ni dawa. Na mtu mwenye maarifa ya kuzaa swali, anayekaa siku mbili msituni kuangalia jibu litakuwaje, mimi simjui kwa jina jingine zaidi ya mwanasayansi.

Wala si mimi ninayempa cheo hicho kwa mapenzi ya ukabila. Makala ya tukio lile ilichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Primates, na waandishi wake ni wawili: Huffman na Seifu. Jina la Mtongwe liko juu kabisa, mahali pa mwandishi, wala halikusukumiwa chini kwenye shukrani. Huffman nampa haki yake hapo, kwani wangapi wamepita mkoani kwetu wakachota walichochota kwa wazee wetu na kuondoka bila kumtaja mtu? Tena amekuwa akimtaja Kalunde katika maandishi yake mengi tangu hapo. Aliyeshindwa kumtaja ni sisi.

Baada ya pale kazi ikaenda mbali. Wakemia wa Kyoto waliuchambua mjonso wakakuta ndani yake kemikali chungu, wakazijaribu maabara dhidi ya vimelea vya malaria na vya kichocho, zikaonesha nguvu. Mwezi Desemba 1991 sokwe jike mwingine wa Mahale alionekana akifyonza mjonso. Kinyesi chake kikapimwa kabla na baada: mayai ya minyoo yalishuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 ndani ya saa 20. Ikaonekana pia kwamba, ingawa mjonso unapatikana mwaka mzima, sokwe huuendea zaidi msimu wa mvua, wakati minyoo inapozidi. Leo kuna tawi zima la sayansi linalochunguza jinsi wanyama wanavyojitibu, na Chausiku anatajwa ndani yake miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa. Mwaka 2024 dunia ilipoduwaa kwa habari za yule orangutani wa Sumatra, Rakus, aliyepaka jani la dawa kwenye kidonda chake usoni, magrupu yetu ya WhatsApp yalisambaza habari ile usiku kucha. Sikuona hata mtu mmoja wa Kigoma aliyeandika kwamba elimu hii ina mizizi yake hapa ziwani kwetu.

Kuna kisa kingine ambacho Kalunde alimsimulia Huffman na ambacho ningependa kila mwalimu wa baiolojia akijue. Kinamhusu babu yake, Babu Kalunde, naye mganga. Kijiji kilikumbwa na ugonjwa wa kuhara uliokuwa unaua watu. Mzee huyo akamwona nungunungu mchanga, mwenye dalili zilezile za ugonjwa, akifukua na kula mizizi ya mulengelele, mmea ambao Watongwe waliuogopa kwa sumu yake. Nungunungu hakufa, alipona. Mzee akawaeleza wanakijiji alichokiona, na walipositasita akaanza kuinywa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, mbele yao. Aliposalimika, wakaitumia. Mulengelele bado ni dawa kwa Watongwe.

Soma tena ulivyokwenda mpango wake. Aliona, akalinganisha dalili za mnyama na za watu, akakisia, akajaribu kwa kipimo kidogo, akajifanya yeye wa kwanza kubeba hatari, kisha akatoa matokeo hadharani. Watoto wetu wanakaririshwa hatua za uchunguzi wa kisayansi tangu kidato cha kwanza kwa mifano isiyowahusu, ilhali mfano ulio hai umelala kusini mwa mkoa wao.

Najua kwa nini walimu wanasita, na sababu yao ina uzito. Neno "mganga" limechafuliwa vibaya, hasa huku magharibi na kanda ya ziwa. Tumeshuhudia ramli chonganishi, vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo. Mzazi akisikia mtoto wake amefundishwa habari za mganga darasani, ana haki ya kushtuka. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila hadubini na mizani kisa cha Chausiku kingebaki kisa, na kwamba sokwe mmoja kupona hakuthibitishi dawa. Lakini ndiyo maana kinyesi kilipimwa na kemikali zikachambuliwa. Na kwa kuwa waovu wamejificha ndani ya neno hilo, ndivyo inavyotupasa kumtenga hadharani mtu kama Kalunde, ambaye maarifa yake yalikubali kupimwa.

Gombe nako hali ni hiyohiyo. Januari 1974 sokwe wa kundi la Kasekela walipomshambulia Godi, sokwe dume wa kundi jirani lililoitwa Kahama, shambulio la kwanza la ile vita ya miaka 4 iliyobadilisha fikra za wataalamu kuhusu sokwe, macho yaliyoliona yalikuwa ya Hilali Matama, Mtanzania. Na Mei 1975, waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi 4 wa kigeni na watafiti wa kigeni wakaondoka, Watanzania ndio walioendelea kupanda vilima kila siku na kujaza madaftari. Utafiti ule unasifiwa kwa kudumu miaka mingi bila kukatika, na waliozuia usikatike ni wao.

Basi mimi naomba mambo machache. Maofisa elimu wa mkoa, wekeni Chausiku na Mohamedi Seifu Kalunde kwenye masomo ya ziada ya sayansi, hata kabla mtaala haujafika huko. Shule zenye bustani, pandeni mjonso na muuandike jina lake la Kitongwe pamoja na la kitaalamu, Vernonia amygdalina, na muandike pia kwamba watoto wasijitibu nao kiholela. Watafiti mnaokuja Mahale, fuateni mfano wa 1989 kuhusu nani anaitwa mwandishi.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Buhingu, Kalilani au Katumbi, ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani yupo mzee aliyewahi kufanya kazi na watafiti kule Kasoje, eneo la utafiti la Mahale, mwamkie, kaa naye, omba ruhusa yake na umrekodi kwa simu. Anza na majina ya mimea kwa Kitongwe na matumizi yake, kisha muulize alijifunza kwa nani na aliona mnyama gani akiila. Akishamaliza, nakili mahali pawili, na nakala moja iachie familia yake.