Mabango Yasiyonihusu

Nilipoanza kuendesha gari la abiria hapa Los Angeles, mabango ya Sunset Boulevard yalinichanganya. Ilikuwa Januari. Nyuso za waigizaji zimejaa angani, na maneno ya kuomba filamu zao zizingatiwe. Nikamuuliza abiria wangu, mama mmoja wa makamo, zizingatiwe na nani? Akacheka. "Siyo na wewe." Kumbe bango lote lile, kubwa kuliko nyumba tuliyopanga Temeke, limewekwa kwa ajili ya wapiga kura wa tuzo za filamu za Oscar. Ni watu elfu kumi na kidogo tu duniani kote, ila wengi wao wanaishi mji huu huu.

Tuzo nilizozizoea mimi kule Dar zilikuwa za usiku mmoja. Zulia jekundu, suti za kuazima, na kesho yake ugomvi Instagram kwamba fulani kabebwa. Jumatatu kila mtu kashasahau, na filamu yenyewe hujaiona.

Huku tuzo ni msimu, kama msimu wa korosho kwa watu wa Mtwara: kila mtu ana hesabu yake humo. Filamu za maneno mengi na risasi chache hutolewa mwishoni mwa mwaka, ili mpiga kura asije akazisahau. Januari ni Golden Globes, Februari London wana BAFTA, halafu Oscar. Kila ushindi unaongezwa kwenye bango, na filamu iliyokwisha kuondolewa kwenye majumba ya sinema inarudishwa. Filamu ya Anora ilitengenezwa kwa dola kama milioni 6, ambazo kwa Hollywood ni nauli tu. Machi 2025 ikaondoka na Oscar tano. Mwongozaji wake, Sean Baker, alipopanda jukwaani aliwaomba watu waende kutazama filamu kwenye majumba ya sinema. Hapo nikaona hata hawa wenye navyo wanaogopa.

Sisemi ni watu safi. Mwaka 1929, Oscar zilipoanza, ilikuwa karamu ya hotelini, tuzo zikagawiwa kwa dakika kama 15 na washindi wakijulikana tangu miezi ya nyuma. Siku hizi filamu nzuri isiyo na fedha za mabango inajifia kimya kimya. Na kuelekea siku yenyewe wanafunga Hollywood Boulevard, sisi madereva tunazunguka kama kuku aliyepotea banda. Hilo sijawasamehe.

Lakini kura zikishapigwa, filamu ina mahali pa kwenda. Sisi filamu yetu inakwenda wapi? Empire, Empress, Avalon, majumba yetu ya sinema ya zamani, majina hayo ukimtajia kijana wa Dar leo anadhani ni hoteli. Drive-In ya Msasani ndiyo kabisa: kiwanja kile sasa kina ubalozi wa Marekani! Zikaja DVD za Kariakoo, filamu moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunue mara mbili, nazo zikafa. Zimebaki kumbi chache za kwenye maduka makubwa, na tiketi ambayo mtu wa Mbagala anaifikiria mara tatu.

ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, naitoa kwenye lawama. Tangu miaka ya tisini watu wanakaa Ngome Kongwe, chini ya nyota, wanatazama filamu yenyewe, siyo nguo za waalikwa. Na Azam walipoanzisha tuzo za Sinema Zetu mwaka 2018, filamu zilipita kwanza kwenye televisheni na mtazamaji akapiga kura. Angalau unamvika taji mtu uliyeiona kazi yake.

Masharti ya Oscar kwa filamu za nchi nyingine yanataka filamu iwe imeoneshwa siku saba mfululizo, kwa kiingilio, kwenye jumba la sinema nje ya Marekani. Siku saba tu! Hadi 2022 Tanzania ilikuwa imepeleka mbili: Maangamizi, kisha Vuta N'Kuvute. Mwaka 2018 Kiswahili kilisikika kwenye filamu fupi iliyoteuliwa, Watu Wote, hadithi ya abiria wa basi kule Mandera, Kenya. Walioitengeneza ni wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani. Nilifurahi, kisha nikanuna, kisha nikafurahi tena.

Binamu yangu anatengeneza filamu Dar. Mwaka juzi alishinda tuzo, kikombe amekiweka juu ya friji, shangazi anakifuta vumbi kila Ijumaa. Nikampigia kumpongeza, nikamwambia nina dola zangu ishirini hapa, nataka kulipia niitazame kihalali. Akanyamaza kidogo.

"Kaka, usisumbuke. Nakutumia WhatsApp."

Ilifika vipande sita. Cha nne hakifunguki.