Mshenga Hapotei, Anapotezwa

Nimevuliwa ushenga. Tena si kwa kuitwa pembeni kama mtu mzima anavyostahili, bali kwenye grupu la familia, saa nne za usiku, katikati ya picha ya keki na tangazo la mbuzi wa shangazi kupotea. "Kutokana na yaliyotokea Jumamosi, Mjomba atapumzika. Nafasi yake atashika Baba Mdogo." Nipumzike! Kwani nimesema nimechoka?

Ujumbe niliopewa ulisema: "Ukweni ni Mbezi, ukishuka stendi chukua boda." Wewe ukiambiwa Mbezi, ukatajiwa na stendi, unakwenda wapi? Unakwenda Mbezi ya Kimara, Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mikoani yamehamia tangu 2021. Kumbe wenzangu walikusudia Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, na hiyo "stendi" ni kituo cha daladala chenye mwavuli mmoja na mchoma mahindi. Mbezi mbili, mji mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kugusa jina la mojawapo, wakati Barabara ya Samora yenyewe iliwahi kuitwa Acacia ikabadilishwa na watu wakazoea. Lokesheni walinitumia, ndiyo. Ilikuwa ya kinyozi, mpwa wangu bwana harusi mtarajiwa akiwa amekaa pale ananyolewa. Halafu yule dada wa ndani ya simu ananiambia nielekee kaskazini. Dar tangu lini ina kaskazini? Dar ina mjini, ina baharini, na ina huko ndani ndani.

Dereva wa boda nikamwambia nyumba yenye ugeni. "Napajua, mzee." Hakuna bodaboda mji huu asiyepajua. Tumepanda vilima, tumeshuka makorongo, mara akazima pikipiki, akanigeukia: "Sasa mzee, hapa tunashika ipi?" Kijiweni kulikuwa na mzee anakunywa kahawa. Akaniuliza kama kibla naijua. Nikasema naijua. Sikuona sababu ya kuongeza kwamba naijua nikiwa msikitini, nikishatazama wenzangu wameelekea wapi. "Basi ipe mgongo, vuka korongo, ulizia geti la bluu, kuna watu wanasubiri wageni."

Geti la bluu likaonekana. Viti vya plastiki vimepangwa, soda ziko kwenye ndoo ya barafu. "Karibu sana, tumekungoja tangu asubuhi!" Mtu akikupokea hivyo utamwomba kitambulisho? Nikaketi, nikaweka kofia sawa, nikakohoa kikohozi cha ushenga.

"Wazee wangu, tumepita huku na huku, tukasikia hapa mna mali. Nasi tunaitaka, kwa heri na kwa taratibu zote."

Mwenye nyumba akachangamka. "Mali ipo. Na wahi, maana wameshakuja wengi kuitazama."

Nikajua anaanza kupandisha mahari. "Wa kutazama wengi, mzee wangu, wa kutoa wachache."

"Umenena! Mmoja alitanguliza nusu, nusu ya pili ikamshinda. Tukamrudishia chake."

"Hakuacha mgogoro?"

"Hata kidogo. Mjumbe shahidi, na maandishi ya serikali ya mtaa yapo."

Nikaipenda familia inayotunza kumbukumbu, maana kwetu hakuna. Nikauliza tabia.

"Imetulia. Ina mwinuko kidogo kwa nyuma, lakini mbele tambarare."

Nikainamisha macho kwa adabu. Watu wa siku hizi wanaongea wazi sana. Akaendelea: "Na usiniamini mimi. Njoo wakati wa masika uione mwenyewe, maji hayatuami."

Hapo soda ilinipalia. Kabla sijajifuta akatokea kijana na futi kamba. "Ishirini kwa thelathini, mzee. Ukitaka tunapima sasa hivi."

Nikasimama. "Mnampima mtoto wa watu kwa futi kamba?"

"Mtoto gani?"

Kimya. Kila mtu akamtazama mwenzake, kisha wote wakanitazama mimi na bahasha yangu. Aliyepata nguvu ya kusema alikuwa bwana mmoja aliyekaa kona muda wote huo, kumbe ndiye dalali. Akasema liwe binti, kiwe kiwanja, yeye ameshapoteza siku, hela yake ya usumbufu iko palepale. Na nikampa!

Muda huo simu inaita bila kupumua. "Uko wapi, Mjomba? Unaona nini hapo?" Nikawaambia: naona wakala wa pesa, duka la dawa, saluni na fundi cherehani. "Basi hapohapo, usiondoke!" Akatumwa mtu kunifuata, akasimama mbele ya wakala, duka la dawa, saluni na fundi cherehani wa kwao huko, akaapa kwamba mimi sipo. Pilau ya wakwe ikapoa.

Sasa shangazi ameandika: "Ndivyo alivyo tangu mdogo." Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nimekulia Magomeni Kota, zile za zamani, kabla hazijabomolewa yakasimama maghorofa. Mlango huohuo, dirisha hilohilo, nyumba hadi nyumba. Mtoto katumwa chumvi, karudi nyumba ya jirani, kala, kaoga, kalala. Wa kulaumiwa ni mtoto au ni aliyechora nyumba? Shuleni ikiitwa "nyuma geuka" nilibaki natazamana na mwenzangu pua kwa pua, nikachapwa peke yangu, bila yeyote kuchunguza nani aligeuka sivyo.

Na bahasha ya posa isiulizwe kila dakika, ipo. Nimeiweka mahali salama, pamoja na cheti cha kuzaliwa, namba ya mita ya LUKU na funguo za stoo. Mama watoto anataka kujua mahali salama ni wapi. Pakijulikana patakuwa salama tena?

Mwaka 2022 tuliwekewa vibao vya anwani za makazi, mtaa una jina, nyumba ina namba. Muulize mtu anakaa wapi: "Kwa Mpemba, pale palipokuwa na mwembe." Mwembe umekatwa, Mpemba kahama. Ninayemwamini mji huu ni yule askari wa sanamu pale Posta, singe yake imeelekea bandarini tangu 1927 na hajabadili kauli.

Yule dalali naye amebaki na namba yangu. Kila asubuhi ananipigia, "Mzee, mali bado ipo." Na bei, nikisema ukweli, si mbaya. Nimeanza kuulizia tofali za inchi sita. Ila fundi amekataa kunipa hesabu mpaka nimpeleke saiti aione kwa macho yake. Mafundi wa siku hizi hawaamini kabisa neno la mtu mzima.